Jaketi la Melkizedek

Asubuhi ya siku iliyofuata maziko, wanawake waliokuwa wakichambua mchele uani kwa Angela waliona jeneza la mumewe limetokeza juu ya kaburi, upande wa kichwani, kama kiboko anayechungulia. Aliyeliona wa kwanza alimaliza kwanza kupepeta, akautua ungo, ndipo akawaambia wenzake. Mama mmoja akasema vijana wa siku hizi hawajui kushindilia udongo. Mwingine akasema tatizo ni udongo wenyewe, upande ule umejaa mchanga tangu mafuriko. Vijana wakaitwa, wakaja na majembe, wakalirudisha jeneza chini na kushindilia kwa miguu mpaka wakalowa jasho. Kisha wakanywa chai.

Mchana, watu wakiwa wanakula, jeneza likapanda tena.

Nyumba ilikuwa imejaa watu hadi jikoni. Wa Kilosa mjini walikuja kwa bodaboda, ndugu wa kijiji cha Ulaya kwa baiskeli zenye magunia ya maharage nyuma, kwaya ya kina mama ikateremka kutoka Mamboya na matandiko yake, na shemeji mmoja wa Dar akaja kwa treni ya umeme, akawa anaisimulia safari yake kwa kila aliyekaa naye. Angela mwenyewe alikaa sebuleni juu ya godoro, na mwanawe Goodhope kalala mapajani mwake. Watu waliingia, wakampa mkono, wakalia kidogo, wakatoka kwenda kuuliza habari za jeneza.

Aliyelaumiwa alikuwa Kasiani, fundi seremala wa Kilosa. Alifuatwa kwa pikipiki, akafika amenuna, akaligonga jeneza kwa kiganja mbele ya watu wote.

"Huu ni mninga! Njoo ubebe uone uzito wake. Mimi sijawahi kutengeneza jeneza linalotoka. Nyie mmezika nini humu?"

Kila mtu alijua walichozika. Walizika jaketi.

Melkizedek, mume wa Angela, alikuwa mwalimu wa mbao kwenye bwawa la Mhungwe. Bwawa hilo lilichimbwa zamani kuzuia maji yasile reli, na limezungukwa na milima inayopendeza kwenye picha. Kampuni moja ikaja na mbao pana za kujaza upepo, ikajenga banda la nyasi na kuweka bango. Wageni wakitoka kuangalia tembo Mikumi wanapita hapo, wanakodi ubao, wanapewa kasia refu na kufundishwa kusimama juu ya maji. Melkizedek aliwafundisha wengi. Piga magoti kwanza. Ukisimama, tazama mlimani, usitazame miguu. Ukiona unaanguka, anguka mbali na ubao. Na aliwaambia waanguke mapema, wamalizane na aibu, ndipo wafurahie. Wageni walimpenda, na walimwita Melki.

Majaketi ya kuelea yalitundikwa bandani, ya rangi ya machungwa, na yalikuwa ya wageni tu. Meneja wa pale, Bonifas, mtu wa Morogoro mwenye kucheka, aliwaeleza walimu sababu. "Mwalimu akivaa jaketi, mgeni anajiuliza kuna nini humo majini." Melkizedek naye alicheka.

Siku ya tukio upepo ulishuka mlimani ghafla ukamsukuma mama mmoja, mgeni wa Dar, mpaka katikati ya bwawa, akaanguka akijipiga picha. Melkizedek aliogelea kumfuata, akampandisha juu ya ubao, akausukuma kuelekea ufukweni. Ubao ulifika na mama yule akiwa mzima na jaketi lake kifuani. Melkizedek hakufika. Wazamiaji walikuja na mitungi yao, wakatafuta, wakachoka, wakaondoka.

Sasa, huko mtu akipotea majini asipatikane, wazee hawaachi nyumba ikae na mikeka nje miaka yote. Huchukuliwa vazi la kazi alilokuwa akivaa, likazikwa, na msiba ukapata mwisho. Lakini kaptula ya Melkizedek na fulana yake ya kampuni vilizama naye. Kabatini zilibaki nguo za kanisani, na mtu aliyekufa kazini hazikwi kwa nguo za Jumapili. Wazee walikuwa bado wanakuna vichwa Bonifas alipofika na mfuko, akatoa jaketi la machungwa. Kifuani limeandikwa MELKIZEDEK kwa kalamu nene.

"Hili ndilo lake," alisema. "Tulilikuta linaelea."

Mjomba Lucas, mjomba wa marehemu, alilipokea kwa mikono miwili. Huko kwao mjomba ndiye mwenye sauti kwenye mambo ya ukoo, naye Lucas alikuwa mtu wa sala, mpole, asiyependa maneno mengi msibani. Jaketi lilinukia plastiki mpya. Angela aliona jina la mumewe limeandikwa vizuri, hakuna herufi iliyokosewa, akalia.

Aliyeuliza alikuwa Odilia peke yake, tena jikoni. Odilia ni mtani wa ukoo ule, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuza samaki, na mtani msibani anaruhusiwa kusema lolote.

"Hebu nielezeni wenye akili," alisema huku akisonga ugali. "Jaketi limeelea, mwenye jaketi amezama. Waligombana?"

Jiko zima likacheka. Kwa kuwa ulikuwa utani, hakuna aliyelazimika kujibu.

Jaketi likazikwa. Jioni ileile akaja mkaguzi wa usalama kazini, amevaa viatu vya kung'aa, akakaa chini ya turubai, akapewa soda.

"Mwili haukupatikana, sivyo? Sasa leo mmezika nini?"

"Jaketi lake," alisema Mjomba Lucas.

"Jaketi la kuelea? Lake mwenyewe?"

"Lake. Lina jina."

"Basi marehemu alipewa kifaa," alisema mkaguzi. "Poleni sana." Akamaliza soda, akaaga.

Gari lilipokwisha kupotea kwenye vumbi, Mjomba Lucas alibaki amesimama, mkono bado juu kama anayepunga.

Kesho yake, wakati vijana wanalirudisha jeneza chini kwa mara ya pili, alifika Seuri, Mmasai wa bondeni, akivuta mbuzi wa rambirambi. Alimwita Mjomba Lucas pembeni.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, kijana wangu."

"Mimi siku ile nilikuwa ng'ambo ya bwawa. Nilimwona akiogelea. Fulana ilikuwa imempanda, mgongo wote nje. Hakuwa na jaketi."

Mjomba Lucas aliangalia chini. "Ukawaambie hivyo, basi."

"Nikiwaambia, wataniuliza ng'ombe wangu walifuata nini kule ndani. Kule ni ndani ya uzio wa kampuni, sisi haturuhusiwi." Akamkabidhi kamba ya mbuzi. "Nimekuambia wewe, ili ujue."

Wenye nyumba hawakumpenda sana Seuri, kwa sababu msimu uliopita ng'ombe wa bondeni walimaliza mahindi yao karibu na mto. Walimshukuru, wakala mbuzi.

Jeneza liliendelea kupanda. Mvua ikinyesha lilipanda zaidi. Waliweka mawe juu yake, likapanda na mawe. Mwishowe wakalifunga kwa kamba kwenye mti wa mlonge, kama mtu anavyofunga mbuzi asiende kwa jirani, na watoto wakakatazwa kulikalia. Wageni wa msiba waliokuwa wamepanga kuondoka wakaona haifai kuaga kabla marehemu hajatulia. Wakabaki. Maharage ya Ulaya yakaisha, yakaletwa mengine.

Ndipo Odilia akaamua kwenda kumuuliza mwenyewe. Alivaa shati la Melkizedek na kofia yake, maana hiyo ndiyo kazi ya mtani, kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza watu wapate kupumua. Alishuka mpaka bwawani akitembea kwa mwendo wake Melkizedek, mabega nyuma, miguu nje. Kina mama walimfuata wakicheka na kulia kwa pamoja. Bonifas, kwa heshima ya msiba, akampa ubao bila neno. Ulikuwa ubao wa bluu.

Odilia hakuwa amewahi kusimama juu ya kitu chochote kinachoelea. Alipanda, akasimama, ubao usitikisike hata kidogo. Akapiga kasia, ukaenda moja kwa moja kama umewekwa kwenye reli. Akainama pembeni kutazama.

Melkizedek alikuwa chini ya ubao. Alisimama kichwa chini miguu juu, nyayo zake zimeshikana na ubao upande wa chini, sawasawa na pale miguu ya Odilia ilipokuwa, na mkononi ana kasia lake. Odilia akipiga kulia, naye anapiga kulia.

"Wewe!" alisema Odilia. "Watu wamelala chini wiki nzima kwa ajili yako, wamekula mpaka mbegu, kumbe uko hapa unatembea kama popo? Huna hata aibu? Mkeo amekonda, mimi nimenenepa, na vyote viwili ni kosa lako!"

Melkizedek alitabasamu vile mtu anavyotabasamu akitukanwa na mtani wake. Mtani hakasirikiwi.

Odilia aliporudi ufukweni, Bonifas alimshika mkono ashuke vizuri.

"Umemwona?"

"Nimemwona. Nyie mlijua?"

"Tangu Jumatano. Ubao huo hautikisiki tena. Tunawapa wazee, na wale wanaoanza wenye woga." Bonifas alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Anajituma sana, Melki. Siku zote alikuwa hivyo."

Angela aliletwa siku ya pili yake. Alisimama juu ya ubao wa bluu akiwa na kanga zake za msiba, na pale nyayo zake zilipokanyaga aliuona ubao una uvuguvugu. Walienda mpaka katikati, wakarudi, wakaenda tena. Ufukweni kulikuwa na wageni wawili wanaosubiri zamu, na walisubiri. Alimwomba atoke. Melkizedek akafungua mikono yake miwili kumwonyesha kuwa hana cha kumpandisha. Vijana wakaleta kamba, wakapiga mbizi, wakamfunga mguuni, wakavuta. Kamba ilikuja juu na fundo lake, na ndani ya fundo hakuna kitu.

"Hana jaketi," alisema kijana mmoja akitema maji. "Mtu hawezi kuelea bila kitu."

Walimgeukia Bonifas. Yale ya bandani, alisema, ni ya wageni, hilo haliko mikononi mwake. "Lakini lake si mnalo? Lile lenye jina. Mvisheni hilo. Tena mkitaka kesho, mkaguzi nampigia simu mimi mwenyewe, aje ashuhudie. Mambo yaishe vizuri."

Jioni hiyo watu walikaa uani, jeneza likiwa limesimama pembeni na kamba yake. Mjomba Lucas akasimulia yote, pamoja na maneno ya Seuri. Mmoja alisema Mmasai hana cha kusema kuhusu maji. Mwingine akamwambia anyamaze.

"Akitoka na hilo jaketi kifuani," alisema Odilia, "basi alikuwa nalo. Hakuna atakayesikia la mtu mwingine tena. Mtakuwa mmemtoa majini awatetee waliomzamisha."

Watu walingoja kicheko kinachofuata maneno ya Odilia. Hakikuja.

"Na tukimwacha?" aliuliza Mjomba Lucas. "Mvua imeanza. Watu wana mashamba. Mama Goodhope, hii nyumba imechoka, lakini mume ni wako. Sema wewe, tutafuata."

Angela alikuwa anamfunga Goodhope nywele. Alimaliza, akaulaza mkono wake juu ya kichwa cha mtoto.

"Kila asubuhi mtoto ananiuliza baba yuko kwenye lile sanduku au yuko bwawani," alisema. "Mimi namtaka mahali pamoja."

Kwa hiyo jeneza lilifunguliwa, na walipolitoa jaketi, jeneza likashuka chini kwa kishindo.

Kesho yake ufukwe ulijaa. Watu wa msiba walikuja wote, wa bwawani waliacha kazi, muuza vitumbua akajisogeza. Mkaguzi alisimama kivulini. Bonifas alikuwa na simu mkononi. Ng'ambo, nje ya uzio, Seuri alisimama kwa mguu mmoja na fimbo yake, ng'ombe nyuma.

Angela alipiga kasia peke yake hadi katikati, akapiga magoti, akaliteremsha jaketi majini kwa nguvu, maana halikutaka kushuka. Melkizedek aliliona. Akakunja mikono kifuani.

"Baba Goodhope," alisema Angela. "Vaa."

Melkizedek alitikisa kichwa kukataa.

"Najua. Najua hukuwa nalo. Mimi najua na wewe unajua." Aliinama mpaka uso wake ukagusa maji. "Vaa twende nyumbani. Kina mama wanalala kwenye sakafu. Goodhope anakohoa. Siwezi tena, mume wangu. Vaa."

Melkizedek alimtazama muda mrefu, kwa subira ileile aliyokuwa nayo siku ya harusi, alipopewa koti la kuazima lililombana makwapani akalivaa kwa sababu yeye Angela alilipenda. Kisha akapitisha mkono mmoja, akapitisha wa pili. Akafunga vifungo kuanzia cha chini, kama alivyowafundisha wageni, akavuta mkanda kukaza. Nyayo zake zikaachana na ubao. Akageuka taratibu ndani ya maji, miguu ikaenda chini na kichwa kikaja juu, na uso wake ulipofika kwenye hewa alikuwa amekufa kama mtu yeyote aliyekaa majini muda ule wote. Upepo ulivuma kuelekea nchi kavu, na watu wakajiziba pua kwa kanga.

Bonifas alipiga picha, kwa mbali na kwa karibu. Mkaguzi alisogea mpaka kwenye maji bila kulowesha viatu.

"Mama, pole. Ndilo jaketi lake?"

Angela aliangalia ng'ambo. Seuri alikuwa ameshaanza kuondoka na ng'ombe wake.

"Ndilo," alisema.

Mchana ule ubao wa bluu ulikodishwa kwa bwana mmoja mnene, ukayumba, akaanguka mara tatu. Alilalamika kwamba aliahidiwa ubao uliotulia.

Waoshaji walishindwa kufungua vifungo vya jaketi. Walijaribu kisu, kisu kikateleza. Wakamwosha nalo, wakamlaza kwenye jeneza lilelile la mninga, na Kasiani alikuja kwa gharama yake mwenyewe kuhakikisha mfuniko umekaa. Kaburini, Odilia alitangulia kuingia na kujilaza chini, kama mtani anavyopaswa kufanya, azuie maziko mpaka apewe chake. Watu wakasubiri aanze kudai. Alilala tu, macho juu, mpaka mvua ikaanza kumnyeshea usoni, ndipo wakamtoa kwa kumshika mikono. Udongo ukarudishwa. Safari hii ulikaa.

Mikeka ikakunjwa. Ndugu wa Ulaya wakafunga baiskeli zao, kwaya ikapanda mlima na matandiko yake, shemeji akawahi treni Kilosa. Sufuria zilirudishwa kwa wenyewe. Nyumba ikawa na watu wawili, na Angela aliposikia kijiko kinaanguka jikoni alijua ni yeye mwenyewe aliyekiangusha.

Ilikuwa Jumamosi ya baadaye, amekaa nje anasugua sufuria kwa mchanga, alipobisha hodi Editha, jirani wa nyumba ya tatu, na mkungu mdogo wa ndizi kichwani.

"Karibu, Mama Yared."

"Nimeshakaribia. Hizi ni za Goodhope. Kikohozi chake?"

"Kimepungua."

Waliongea habari za mvua, za panya walioingia kwenye mbegu, za binti wa mchungaji aliyekimbilia Mikumi na dereva wa lori. Waliongea mpaka habari zikaisha. Editha akavuta kanga yake, akaifunga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Yared wangu ameitwa kule bwawani," alisema. "Wanataka mwalimu. Anafurahi huyo, hali wala halali. Meneja anasema kila mwalimu ana jaketi lake, lina jina kabisa. Sasa, mimi nikasema nisisikilize ya mtaani, nije kwako, maana wewe ndiye unayejua." Akashusha sauti. "Mwenzangu, nieleze kweli. Marehemu alikuwa nalo?"

Angela aliacha kusugua. Kutoka pale alipokaa aliliona kaburi, limelala sawa, majani mapya yameanza kuota juu yake. Alifungua mdomo. Upande wa kichwani udongo ukaachia ufa mwembamba, ukainuka kidogo sana, kiasi cha mtu aliyelala anapotaka kugeuka. Ndani ya nyumba Goodhope alikuwa anamwimbia mwanasesere wake.

"Alizikwa nalo, Mama Yared," alisema Angela.

Udongo ukatulia.

"Afadhali," alisema Editha, na mabega yake yakashuka. "Afadhali kabisa. Watu wa hapa, jamani, kwa maneno!" Akacheka, akamsaidia kusuuza sufuria, akaaga.

Jumatatu asubuhi Yared alipita barabarani amepakiwa kwenye bodaboda, na fulana mpya ya kampuni, bado ina mikunjo ya kukunjiwa dukani. Alimwona Angela mlangoni, akamwamkia kwa sauti kutoka mbali, shikamoo mama. Angela akaitikia marahaba.